Mama Kigoda, Benchi la Nyuma Limerudi

Umetimia mwaka, mama watoto, tangu siku ile uliposimamisha pasi juu ya meza, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo tu. Hukuamka tena. Kitinda mimba wetu ndiye aliyeizima pasi. Shati langu la kaki lilikuwa limepigwa pasi mkono mmoja, na mpaka leo liko hivyo hivyo, mkono mmoja umenyooka, mwingine umekunjamana. Hakuna aliyethubutu kumalizia.

Mwaka ukitimia, familia huandika maneno machache. Kalamu nimeachiwa mimi kwa kuwa ni mumeo, na nadhani pia kwa kuwa watoto waliamini fundi seremala hataandika mengi. Wamepotea. Kifungua mimba, muuguzi wetu, amesimama nyuma yangu ananisahihisha nukta. Wa katikati, mwalimu wetu wa hesabu, ameshauri nisizidishe ukurasa mmoja. Kitinda mimba hasemi kitu. Na wanaotusoma watuwie radhi: haya tunamwambia mwenyewe, ila mlango tumeuacha wazi.

Tuanze na jina, maana wengine hawajui lilikotoka. Mimbari ya kanisa letu niliichonga nikiwa kijana, kwa vipimo vya mchungaji wa wakati ule, aliyekuwa mrefu kama mwimo wa mlango. Nilijuaje kwamba siku moja atapanda hapo mwanamke anayenifikia kwapani? Siku yako ya kwanza waumini walisikia sauti na kuona kilemba. Dada yangu, wifi yako, ambaye alikuwa hajakupenda bado, alisema kutoka nyuma, na alidhani ananong'ona, "Leo tunahubiriwa na kitambaa." Uliomba mimbari ipunguzwe kidogo. Wazee wa kanisa wakasema mimbari ni urithi. Hukubishana nao. Ulikuja karakana, ukajaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, ukasema, "Fundi, nipe kigoda." Nikakuchongea. Watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kukuita Mama Kigoda, na haikupita muda hata wale waliokuwa wakikuita "mke wa fundi" ili wasikuite mchungaji, nao wakakubali kigoda. Ilikuwa nafuu kwao.

Mahubiri uliyatunga ukipiga pasi. Kila mtu nyumbani alijua: Ijumaa jioni usimsemeshe mama, yuko na Mungu na mashati. Ulipofika mahali pazuri ulisimama ukatazama dari, na pasi nayo ikasimama. Nina shati la msamaha, lenye doa la kahawia mgongoni. Nina shati la mwana mpotevu, lililoungua kola. Wateja wakiniuliza kwa nini navaa nguo zilizoungua, nawaambia mke wangu ana upako mkali. Miwani uliitafuta nyumba nzima ikiwa kichwani kwako, na sisi tulikuwa na makubaliano ya kutokwambia mpaka utuulize kwa adabu.

Kwenye mkoba wako hukukosa kikata kucha. Ulipokwenda kuwaona wagonjwa na wazee wasiotoka nje, wengine walifika na maombi marefu. Wewe uliomba kwa ufupi, kisha ukauchukua mkono wa mtu ukaanza kumkata kucha. Nilikuuliza sababu. Ukasema, "Maombi wanayapata mengi. Kucha hakuna anayeziangalia." Wapo watu katika mtaa huu ambao hatujui waliamini nini kuhusu mchungaji mwanamke, lakini Jumanne yako ikifika walikaa kitandani mikono juu ya shuka, wanakungoja.

Sasa lile benchi. Lilikuwa la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, na lilikuwa la waliotengwa. Msichana aliyebeba mimba kabla ya ndoa, mwanamke aliyeachika, mwanamke aliyekwenda kuishi na mtu bila baraka ya kanisa, wote walikaa pale mpaka wazee waseme sasa wamerudi kundini. Kwenye meza ya Bwana hawakufika. Wanaume hawakuonekana pale, isipokuwa mlevi mmoja aliyelipendea kivuli. Yule aliyempa msichana mimba, mara nyingi ungemwona mbele, kwenye kwaya, anaimba besi.

Wifi yako alikaa pale baada ya ndoa yake kuvunjika, na ndiyo maana kitambaa chako alikiona kwa shida, akinyoosha shingo kuizunguka nguzo. Miaka ya nyuma, kabla hujawa mchungaji, wewe ulikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili tu. Ibada ikiisha uliwakabidhi watoto kwa mama zao, na ukaona kwamba watoto wa benchi lile walikwenda nyuma wenyewe, hawahitaji kuelekezwa. Uliniambia hivyo mara moja tu, tukiwa tunaosha vyombo. Mwaka uliofuata ulikwenda chuo cha uchungaji, ukiwa na watoto watatu na mume mbishi.

Ulirudi, ukapangiwa kanisa letu hili hili, ukapeleka hoja kwenye baraza la wazee kwamba benchi liondolewe. Ikakataliwa. Ukapeleka tena, ikakataliwa. Ulirudi nyumbani ukachukua pasi. Safari ya tatu nilikuuliza, "Vipi leo?" Ukanijibu, "Leo wamekohoa kabla ya kukataa. Kuna maendeleo."

Ulipenda kusema bandu bandu huisha gogo. Nilikuwa nakubishia kitaalamu: gogo huisha kwa msumeno, mke wangu, hizo bandu ni za kuwashia moto. Ulicheka, ukaendelea kubandua. Sikujua tumaini unalitoa wapi. Nilidhani watu wa namna yako kuna kitu wanakiona kule mbele ambacho sisi wengine hatukioni, na nilikuonea wivu kidogo. Siku moja nilikwambia hivyo. Ukanikatisha, "Sioni kitu, Fundi. Naamka tu, nakuta shati halijapigwa pasi."

Kisha ukaja ule mkasa ambao tukiusimulia hapa nyumbani kifungua mimba hulazimika kutoka nje kupumua. Benchi la nyuma lilikuwa limelegea miguu, na wazee walikubali lipelekwe karakana. Uliniagiza nilichukue Jumamosi, ukaongeza kwa sauti ndogo kwamba sina haja ya kuharakisha kulirudisha. Jumamosi hiyo akina mama wa usafi walikuwa wametoa mabenchi yote nje kuyaosha. Yote ni kazi ya mikono yangu, ya mbao moja na msimu mmoja, na yote miguu ilikuwa imeanza kuchoka. Yakiwa uani huwezi kujua lipi lilikaa wapi. Nikafikiri kifundi: benchi la waliotengwa halikosi watu, basi litakuwa lile lililosuguliwa likang'aa kuliko mengine. Nikalibeba, na kabla ya jioni nilikuwa nimelifungua vipande vipande. Lilikuwa benchi la wazee wa kanisa.

Asubuhi waliingia kwa mstari wao, na makoti yao, wakafika mbele wakakuta sakafu. Watu walikuwa wameshakaa. Wale wa nyuma ulikuwa umewatawanya katikati ya waumini, ukijua benchi lao liko karakana. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kule nyuma ya nguzo, ambako akina mama wa usafi walikuwa wamelirudisha benchi lenyewe, na wazee wakaenda. Miguu ya benchi lile ilikuwa imelegea kwelikweli: mzee wa huku akiinama kuomba, wa kule anapanda. Ulisimama juu ya kigoda, ukawaona, ukachukua kitabu cha nyimbo ukajifunika uso. Watu walidhani umezama katika maombi. Mimi niliona mabega.

Baada ya ibada alisimama mlangoni mzee mmoja anayepiga kengele ya kanisa, ambaye sote tunamwita Mzee Kengele, na ambaye hoja yako alikuwa ameikataa kila ilipoletwa. Akasema, "Kule nyuma hakusikiki kitu. Na nguzo inaziba msalaba."

Mwenzake akamwambia, "Si ndiyo maana ya kuwekwa kule?"

"Mtu anawekwa kule atubu," alisema Mzee Kengele. "Atatubu nini, na neno halimfikii?"

Baraza lilipokutana hoja ilipita, na hakuna aliyekohoa. Usiku ule uliniambia mambo ya Mungu wakati mwingine hupitia kwa fundi asiyejua mabenchi yake mwenyewe. Nilikuacha ufurahi.

Mbao za mabenchi yale mawili, la wazee na la waliotengwa, ulitaka nizifanye meza moja ndefu, tukaiweka ukumbini. Ibada ikiisha watu walikaa hapo kwa chai, na mtu aliuliza alichotaka, hata kukupinga. Wazee, kwa kuwa hawakuwa na benchi lao tena, walianza kukaa na wake zao, na baadhi yao ndipo walipojua wake zao wanaimba sauti gani. Akina mama wawili wakaingia barazani. Wifi yako alipewa kusoma somo la kwanza. Akasoma vibaya, akaruka mistari, akarudia, jasho likamtoka, na watu wakamngoja mpaka akamaliza. Tangu siku ile alikupenda, ingawa hajawahi kukubali, na leo akiulizwa anasema alikuwa akikuvumilia.

Tulidhani yamekwisha, mama watoto. Tulidhani kitu kikishabadilika kimebadilika. Kumbe asiyekuwepo na lake halipo.

Mchungaji aliyekuja baada yako ni kijana mzuri, na hatutaki kumsema. Anatusalimia kwa mikono miwili. Ila ni mwepesi; mwenyekiti wa wazee akipumua, yeye anayumba. Kwanza meza ilihamishiwa stoo, kwa muda, ili ukumbi upakwe rangi. Rangi ilikauka zamani. Sasa wanaegemeza mafagio pale. Kisha wale akina mama wawili wa barazani wakashukuriwa mbele ya kanisa kwa utumishi wao, wakapewa kanga kila mmoja, na hapo ndipo walipojua kwamba utumishi wao umekwisha. Kisha mwenyekiti akaanza kulitamka neno utaratibu. Sisi tulikuwa bado tunakulilia. Tulisikia, lakini kama mtu anayesikia mvua ya jirani.

Ndipo kitinda mimba wetu alipokuja karakana mchana mmoja, akakaa juu ya rundo la mbao, mahali ulipozoea kukaa. Unajua alivyokuwa akiimba. Ukisimama nje ya kanisa ungeitambua sauti yake kati ya zote. Akasema, "Baba, mama angekuwepo ningemwambia yeye kwanza."

Nikamwambia, "Niambie mimi. Nitamfikishia."

Basi nakufikishia. Ameniruhusu, na amesema niandike wazi kwa kuwa watu wameshajua. Binti yetu ana mimba, na hana ndoa. Kijana mwenyewe amemkana. Yupo kwaya, anaimba besi. Kitinda mimba ameondolewa, yeye amebaki. Kifungua mimba alipokwenda kumuuliza mwalimu wa kwaya haki iko wapi, mwalimu alimwangalia kwa huruma ya kweli kabisa akasema, "Sauti ya kwanza ninao wengi, ndugu yangu. Besi ninaye huyu mmoja."

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja karakana mwenyewe, mbao zikiwa juu ya mkokoteni.

"Fundi, baraza limeamua. Tunahitaji benchi la nyuma. La watu wanne hivi linatosha."

"La nani?"

"La utaratibu."

"Unajua atakayelikalia wa kwanza ni nani."

Alitazama mbao, hakunitazama mimi. "Mimi nami nina mabinti, Fundi. Usidhani sioni. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha, kanisa si la mtu mmoja."

Ni kweli ulikuwa ukisema hivyo. Ulikisema hicho kitu mara nyingi mno, mke wangu, na kila mtu alikisikia, na sasa kimerudi kwangu kwenye mkokoteni.

Usidhani tulikaa tu. Kifungua mimba alikwenda kwa mchungaji kijana. Mchungaji alilia, akaomba naye, akamsihi tuwe na subira. Mwalimu wa hesabu aliomba nafasi barazani, akapewa, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, kama afanyavyo ubaoni. Walimsikiliza mpaka mwisho wakamshukuru. Wala hawakukohoa. Wifi yako alikwenda kwa mke wa mwenyekiti kupigana, akarudi amekunywa chai. Alisema yule mwanamke naye hana la kufanya, anaogopa nyumbani kwake mwenyewe, sasa utapigana na nani? Mimi nilikwenda kaburini kwako, nikang'oa majani, nikarudi. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na sisi tumepisha mpaka mgongo umegusa ukuta.

Nilitaka kukataa kazi ile. Mbao zilikaa zimeegemea ukuta, kila nikiinua kichwa naziona. Kitinda mimba ndiye aliyesema, "Tengeneza tu, baba. Ukikataa watampa fundi mwingine, na mimi nitakalia kazi ya mtu mwingine."

Unamjibu nini mtoto kama huyo? Ungekuwepo ungejua. Mimi nilichukua randa.

Nimelitengeneza, mama watoto. Nilikuwa na nia ya kuliacha legelege kama lile la kwanza, likawafundishe adabu. Mikono ilikataa. Kila nilipofika kwenye maungio ilikaza yenyewe, kwa sababu najua nani atakaa pale na yuko katika hali gani. Jambo moja tu ndilo nililolifanya, nalo silijui hata kama ni jambo. Waliagiza la watu wanne. Mbao zilikuja ndefu, na kila nilipoweka msumeno nilishindwa kuusukuma. Benchi limetoka upana wote wa ukuta. Mwenyekiti alipokuja kulitazama alilipima kwa macho, akasema, "Hili refu, Fundi." Nikamwambia ni kweli, refu. Akaondoka.

Juzi alikuja Mzee Kengele na fimbo yake. Alibisha hodi mlango ukiwa wazi.

"Ndilo lile?"

"Ndilo, mzee."

Akakaa pale mwisho. Akajisogeza mpaka katikati, akajitikisa kushoto na kulia. "Halitikisiki."

"Halitikisiki."

"Ungeliacha likatikisika kidogo."

Nikamwambia nilijaribu. Akachora sakafuni kwa fimbo. Kisha akasema, "Niliinua mkono barazani, Fundi. Nilitazama nikaona mikono ya wote iko juu. Kutazama tena, na wangu uko juu."

"Umepiga kengele miaka yote hii, mzee. Mkono umezoea kupanda."

Hatukucheka, si yeye si mimi. Ndipo nikaziona kucha zake. Zilikuwa zimekua zikaanza kujikunja, na moja imepasuka. Inaelekea hakuna aliyezigusa tangu ulipoondoka. Kikata kucha chako nakiweka kwenye droo ya misumari. Nikakaa karibu naye kwenye benchi lile nikamkata. Sikuijua kazi hiyo. Nilikuwa nikikata kama mtu anayekata mbao, na mzee wa watu alishtuka zaidi ya mara moja, lakini hakuvuta mkono.

Nilipomaliza aliuliza, "Hili benchi la watu wangapi?"

"Waliagiza wanne."

"Sijakuuliza waliagiza wangapi."

"Wengi, mzee. Wanaenea wengi."

"Basi nihesabu," akasema, akachukua fimbo yake akaenda.

Jumapili hii ndiyo ibada ya kumbukumbu yako. Wazee wametutengea nafasi mbele, kama inavyostahili familia ya mchungaji marehemu, na maua yatawekwa kwenye mimbari. Kigoda kitakuwepo pia. Wamekipaka vanishi bila kuniuliza. Sote tumealikwa mbele isipokuwa mmoja. Huyo, alisema mchungaji kijana huku ametushika mikono, atatusubiri nyuma, na tafadhali tusilichukulie vibaya.

Hatuna la kufanya. Jambo hili tumelizungusha huku na huku, halina mlango. Benchi hatuwezi kuliondoa, kura hatuna, na wewe hupo. Tunachoweza ni kukaa. Basi tumeamua tutakaa kule nyuma, na viti vya mbele vibaki na maua. Huu si ushindi, mke wangu, usije ukatafuta kitabu cha nyimbo cha kujifunikia uso. Jumatatu benchi litakuwa palepale, na mtoto wetu atakuwa bado ni wa benchi, na pengine watasema fundi na watoto wake wamefanya kiburi msibani. Tunaogopa. Wa katikati hakulala vizuri wiki nzima. Mimi huko mbele sioni kitu, kama ulivyosema. Tunaamka tu, na mashati hayajapigwa pasi.

Wanaokukumbuka, kwa mpangilio tutakavyokaa kuanzia kwenye nguzo:

Mama yako mzazi, ambaye hasikii huku wala kule, na amesema kwake benchi ni benchi. Wifi yako, anayedai kwamba anakaa nyuma kwa sababu ya miguu, na ambaye ameahidi kutuonyesha upande unaopitisha upepo, maana yeye ni mwenyeji. Kifungua mimba wako na mkewe. Kisha kitinda mimba wako, katikati yetu, pamoja na mjukuu wako ambaye bado hajaambiwa lolote. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyelipima benchi akasema tutatosha. Mzee Kengele, ambaye si ndugu ila ameomba ahesabiwe. Atapiga kengele kwanza, ndipo aje. Na mwisho mimi mumeo, nitakayekuwa nimevaa shati la kaki kama ulivyoliacha, mkono mmoja umenyooka, mwingine hivyo hivyo. Kati yangu na ukuta nimeacha nafasi ya mtu mfupi.

Wakikutaja jina kule mbele hatutasikia, maana kule nyuma hakusikiki kitu. Tutakukumbuka hivyo hivyo, siku zote.